Kwenye redio ya Kusini, siasa inaanzia kwenye mizani

Naandaa na kuendesha kipindi cha maongezi katika redio moja hapa Mtwara. Vijana wanaokuja studio kujifunza kazi huniuliza kwanza namna ya kumpata mgeni mzito: mkuu wa wilaya, mbunge, meneja wa chama kikuu cha ushirika. Kumpata si shida. Mpelekee barua, mpigie simu, atakuja. Kazi iko kwenye swali. Ukimuuliza anaionaje hali ya maendeleo ya mkoa wetu, atakupa hotuba ya robo saa, na wasikilizaji wa Nanyamba na Kitangari watakuwa wameshahamia kituo chenye singeli.

Mimi hutafuta swali ambalo mtu wa kijijini analijua jibu lake kuliko mgeni aliyekaa mbele yangu. Chukua korosho. Mnada unaanza Oktoba, na tunauza kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, unapimwa, unapangwa daraja, unakwenda ghala kuu, unanadiwa, kisha pesa zinashuka benki baada ya makato. Kila hatua hapo ina ugomvi wake. Mizani ya AMCOS na ile ya ghala kuu zimesoma sawa? Aliyeshushwa daraja la pili alionyeshwa sababu? Bei ya mnada ni hii, mkulima ameingiziwa hii, katikati kimekatwa nini, na kikao gani kiliridhia?

Wiki moja kabla, natangaza kuwa anayetaka kupiga simu aje na stakabadhi mkononi. Nakumbuka baba mmoja wa Tandahimba. Kwanza nikamwomba apunguze redio yake, maana mwangwi ulikuwa unatuumiza masikio. Akasalimia, akaanza kusoma taratibu: tarehe, kilo, daraja, kisha makato, moja baada ya jingine. Kwenye kato la tatu akanyamaza, akasema, "Hili naomba mheshimiwa anieleze, mimi sikulisikia mkutanoni." Ofisa aliyekuja na hotuba yake kwenye faili akaomba kalamu. Kuanzia hapo tulikuwa na kipindi.

Kangomba, wale wanaonunua korosho za wakulima kwa bei ya chini nje ya mnada, nao huwezi kuwajadili kwa kuwaita wahalifu tu. Mwaka 2018 wanunuzi walipong'ang'ania bei ya chini, Rais Magufuli alitangaza kuwa serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litasomba mzigo. Uhakiki wa wakulima ulipoanza, suala la kangomba likawa gumzo kila kijiwe: nani ana shamba, na nani alinunua mzigo wa mwenzake kwa bei ya kutupa. Hewani mimi humuuliza mama aliyeuza korosho zikiwa bado mtini: Agosti ile, mtoto anaumwa na deni la salfa, dawa ya mikorosho, liko pale pale, nani mwingine alikuwa tayari kukupa pesa? Akijibu hilo, ameshagusa benki, ushirika, bunge na ndoa yake, na hakuna aliyemwambia azungumzie siasa.

Gesi ilituonyesha upande mwingine. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na bomba la kwenda Dar es Salaam lilipotangazwa, watu wa hapa waliuliza mambo ya kawaida kabisa: viwanda vitajengwa wapi, na vijana wetu watafanya kazi gani? Mei 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, mji ulichafuka. Nyumba zilichomwa, watu walipoteza maisha, jeshi likaingia mitaani. Sisemi redio ingezuia yote yale. Nasema maswali yale yalistahili kuulizwa mubashara, mapema, mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuyajibu, tena yarudiwe mpaka yajibiwe.

Jando na unyago vinataka adabu tofauti. Hapa siendi na kinasa sauti. Naenda kwanza kwa makungwi wenyewe, natoa shikamoo, nakaa, tunakubaliana mipaka. Yanayofundishwa ndani sitayauliza, na msikilizaji akiyauliza nitamkatisha kwa heshima. Lakini umri wa kumpeleka mtoto, gharama za sherehe na siku za masomo zinazopotea ni mambo ya wazi, na mwalimu mkuu na kungwi wanaweza kubishana meza moja. Wazazi wengi huzipanga sherehe likizo ya Juni au Desemba, na mabishano mazuri zaidi niliyowahi kuyasikia studio yalihusu sherehe zinazovuka siku ya kufungua shule.

Jambo moja la kiufundi. Ukifungua laini za simu mchana, utapata wanaume wa vijiweni. Simu ya nyumbani mara nyingi iko mfukoni mwa baba. Ndiyo maana tunasoma ujumbe mfupi, na tunatoka kwenda kurekodi sokoni na kwenye foleni ya maji kabla ya kipindi, kisha sauti hizo ndizo zinazofungua mjadala badala ya sauti yangu.

Sasa naandaa kipindi cha mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa mkoa wa Lindi. Mifupa yake ilichimbwa na msafara wa Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na leo amesimamishwa Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Kila mtu ana maoni kuhusu kumrudisha. Mimi nataka kuanza na waliofanya kazi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na nyuma yake walikuwapo mamia ya watu wa kwetu. Kama uko Lindi na babu yako aliwahi kusimulia juu ya mizigo ile, alilipwa nini, alilala wapi njiani, alikuwa na nani, tutumie ujumbe studio, tutakufuata na kinasa sauti.