Umeacha Nyama kwa Huruma? Sawa. Ganzi ya Miguu Je?

Mlo wa mimea tupu ni upi?
Ni kuacha kila kinachotoka kwa mnyama: nyama, samaki, mayai, maziwa, samli, na kwa wengi hata asali. Asiyekula nyama lakini chai ya maziwa anakunywa, huyo ni mwingine.

Watu huamua hivyo kwa nini?
Wengi ni huruma. Umewaona kuku waliofungwa miguu, wananing'inia kichwa chini kwenye baiskeli? Katika viwanda vya kutotolesha kuku wa mayai, vifaranga madume huuawa wangali wachanga kwa kuwa hawatataga. Kwenye mashamba makubwa ya maziwa, ndama hutenganishwa na mama yake mapema. Mtu akiyajua hayo akasema "mimi basi", sina ugomvi naye. Ugomvi wangu unaanza anapoketi mbele yangu kituo cha afya, miguu imekufa ganzi miezi minane, hajawahi kusikia vitamini B12, ambayo mishipa ya fahamu inaihitaji.

Lakini nakula maharage, karanga na mchicha. Nitapungukiwa nini?
Protini unayo, sijakuuliza hiyo. Nakuuliza B12. Hutengenezwa na bakteria, nasi huipata kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Mchicha hauna. Parachichi halina. Maharage hayana, hata ule sufuria nzima.

Nakunywa unga wa spirulina, ule wa mwani wa kijani. Muuzaji kasema una B12.
Muuzaji anauza. Sehemu kubwa ya kilichomo inafanana na B12 tu, mwili hauwezi kuitumia. Na wale wanaokula mboga bila kuosha "ili wapate bakteria": mtapata minyoo na taifodi.

Mbona nina mwaka wa pili na sijaumwa?
Kwa sababu ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka. Akiba hiyo ndiyo inayowadanganya. Tena majani mnayokula yana foliki nyingi, vitamini nyingine ya kuongeza damu, na foliki inaweza kuifanya damu ionekane nzuri huku neva, yaani mishipa ya fahamu, zinaharibika. Kwa hiyo usiniambie "nimepima, damu ipo". Sijauliza wingi wa damu.

Nyayo zinachoma kama sindano. Nimekandwa, nimepaka mafuta ya mwarobaini. Niendelee?
Hapana. Ganzi ya miguu kwa asiyekula chochote cha mnyama ni safari ya kituo cha afya, si ya mkandaji. Ukija mapema, sindano za B12 huzirudisha neva. Ukichelewa, nyingine hazirudi. Nimeona mtu wa makamo anatembea akishika ukuta. Ulimi kuwa mwekundu na kuuma, kuyumba gizani, kusahausahau: njoo. Kama una kisukari na unatumia metformini, njoo mapema zaidi, maana dawa hiyo nayo hupunguza B12, na kila mtu atakuambia ganzi hiyo ni ya sukari tu.

Nisubiri mwisho wa mwezi?
Hapana. Nimeshasema.

Kidonge hakitavunja msimamo wangu?
Hakitavunja. B12 ya vidonge hutoka kwa bakteria wanaokuzwa viwandani. Kapsuli nyingine zina jelatini ya mnyama, basi omba kidonge kigumu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, ila kidonge kikubwa hufyonzwa sehemu ndogo tu, ndiyo maana hushauriwa mikrogramu 50 hadi 100 kila siku. Mwenye ganzi tayari asijitibu kwa dozi hiyo.

Ninanyonyesha. Mtoto anapata ya kwake?
Anapata kutoka kwako. Wewe ukiwa huna, naye hana, na yeye hakuzaliwa na akiba ya miaka. Mtoto aliyekuwa anacheka na shingo imekaza, sasa amelegea, hakuangalii, ananyonya kwa kulazimishwa: usingoje tarehe ya kupima uzito. Mlete leo, na ukifika sema mwenyewe unakula nini. Kina mama huficha wakiogopa kuchekwa, sisi tunabaki tunatafuta malaria.