Mkono haufungwi baada ya upasuaji wa titi
Hapa Bukavu, mama akirudi nyumbani baada ya kupasuliwa titi kwa sababu ya kansa, majirani humwambia asisogeze mkono wa upande ule mpaka kidonda kipone kabisa. Wanasema kwa upendo, lakini si kweli. Bega lisilosogezwa hukakamaa, na kulilegeza baadaye kunauma zaidi.

Kwa kawaida mazoezi mepesi huanza siku moja baada ya upasuaji: kukunja na kukunjua vidole, kuvaa blauzi kwa mkono huohuo. Mrija wa kutoa maji kwenye kidonda ukishaondolewa, na daktari akikubali, simama ukielekea ukuta, pandisha vidole ukutani polepole kama buibui mpaka uhisi kuvutwa. Pumzika, kisha shusha. Maumivu makali yakija, acha.

Kinachokatazwa ni uzito. Bidoni ya lita 20 kwenye mlima wa Kadutu, hapana, kwa wiki kadhaa! Unayeishi peke yako, kabla ya kwenda hospitali weka sufuria na makala usawa wa kiuno, na umwombe mtoto wa jirani akuchotee maji. Si aibu.

Kidonda kikiwa chekundu na cha moto, kikitoa usaha, au mkono ukivimba, rudi hospitali siku hiyohiyo.