Hongo ya zamani haikuwa rushwa

Mwambie mtu wa Kariakoo kwamba babu yake alitoa hongo mchana kweupe, watu wakitazama, na asione haya. Atadhani unamtukania ukoo.

Kosa ni kudhani neno hili limekuwa na maana ya rushwa tangu asili. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa malipo ya msafara kwa mtemi ili upite katika nchi yake. Njia ya pembe za ndovu, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, ilikatiza Ugogo, nchi ya Wagogo kwenye Dodoma ya leo, na huko hapakuwa na kupita bure. Misafara ililipa kwa merikani (kitambaa cha pamba cha Marekani), kaniki (kitambaa cheusi), shanga na nyaya. Nguo zilihesabiwa kwa doti, neno lile lile tunalonunulia khanga hadi leo.

Wengine husema basi ulikuwa unyang'anyi. Maneno hayo tumeyarithi kwa wageni waliolipa huku wakinung'unika, kama Stanley, mwandishi wa habari na msafiri, aliyepita Ugogo mwaka 1871. Lakini hebu tazama: watu mamia wanatoka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, wanawavamia wenyeji kwenye kisima chao wakati wa kiangazi. Wanataka na mtama juu yake. Mwenye kisima akisema toeni kwanza, amemwibia nani? Sisi wa Dar tunaonunua maji ya boza hatuna haja ya kuelezwa. Nakubali, wapo watemi waliovuta kamba mno, msafara ukakaa siku kadhaa ukibishania doti.

Wala hongo haikuwa ushuru wa forodha. Ule ulitozwa pwani na kiwango chake kilijulikana: mkataba wa Sultani Said wa Zanzibar na Marekani wa 1833 uliweka asilimia 5 kwa bidhaa zinazoshushwa. Hongo ilikuwa ya kupatana.

Baadaye ikaja reli, iliyoanza kujengwa hapa Dar mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Biashara ikahamia kwenye mabehewa, na neno likabaki mjini halina njia ya kulipia. Kazi nyingine ilikuwapo: kumlainisha aliyekaa mlangoni. Vijana nao wana yao. Kwao kuhonga ni kumgharimia mpenzi, na hilo wanalisema kwa sauti, bila haya, kama wapagazi wa zamani.