Gitaa likibazi usikimbilie brigi

Wiki iliyopita kaja dogo mmoja anapiga solo kwenye kwaya ya kanisani kwao, kabeba kopi ya Strat, lile gitaa la umeme la Fender, hata kukaa hajakaa, "Shikamoo fundi, hili gitaa nadhani limerogwa." Nikalishika nikalipiga kidogo, aisee, kuanzia freti (vile vyuma vya kwenye shingo) ya kwanza mpaka ya tano ni krrr krrr tu, ndo kubazi huko, na cha ajabu nyuzi ziko juu kama kamba za kuanikia nguo, pale freti ya 12 unapitisha kadi nne za benki zimebebana na hazigusi kitu.

Nikamuuliza umelifanya nini, akasema hamna. Hamna kabisa? "Aah, nilibadilisha nyuzi tu fundi, zilikuwa seti ya 10 nikaweka 9 ziwe laini, zikaanza kubazi, nikapandisha brigi, zikaendelea, nikapandisha tena."

Sasa hapo ndo penye kesi. Brigi ni kile kipande kinachobeba nyuzi kule kwenye bodi. Nyuzi zinaivuta shingo ikunje kuja mbele kama upinde, na ile trasi rodi, yaani nondo ya chuma ndani ya shingo, inashindana nazo kwa kuvuta kwenda nyuma. Ukiweka nyuzi nyembamba kama hizo 9 mvuto unapungua, rodi inashinda, shingo inanyooka kabisa au inapinda kinyumenyume, na nyuzi zinaangukia freti za mwanzo. Kwa Strat na huku nyuma springi za tremolo (brigi inayoyumbishwa kwa mkono) nazo zinashinda, brigi inalala chini. Yaani kitu kimoja kimebadilika ila pamehama sehemu mbili.

Na kupandisha brigi hakusaidii kule mwanzo, piga hesabu uone. Strat ina urefu wa milimita 648 toka nati (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi kule kichwani) mpaka brigi, freti ya kwanza iko kama milimita 36 tu toka kwenye nati. Ukipandisha brigi milimita 1 nzima, pale juu ya freti ya kwanza uzi umepanda kama 0.06 hivi, wakati freti ya 12 umepanda nusu milimita. Kwa hiyo unajitesa vidole bure na bazi iko palepale.

Mi huwa naanza na shingo siku zote. Tyuni gitaa, bana uzi wa sita (ule mnene) freti ya kwanza na ya 17 kwa pamoja, angalia nafasi iliyobaki juu ya freti ya 7 au 8. Kama huna geji ya kupimia, kata kipande cha uzi wa kwanza wa seti ya 10, ule ni inchi 0.010 ambayo ni milimita 0.25, na hicho ndo kipimo chenyewe ambacho Fender wanakitaja kwa shingo zao nyingi za kisasa. La huyu dogo halikuwa na nafasi hata ya karatasi. Nikalegeza rodi robo mzunguko kwa alenki kinyume na saa, nikatyuni, nikapima, nikaongeza kidogo, basi. Usizungushe kwa hasira, rodi ikikatika hiyo ni kesi nyingine na bei nyingine.

Baada ya hapo nikalegeza springi kidogo nyuma nikaisawazisha tremolo, zile 9 zilivyo, afu nikashusha vile vichuma vinavyobeba nyuzi kimoja kimoja mpaka kama milimita 1.6 pale freti ya 17. Bazi ikaisha nyuzi zote isipokuwa ule wa sita, tena ukiwa wazi tu, bila kubanwa na kidole. Wengi hapa wangesema nati imeliwa, na kweli bazi ya uzi ulio wazi peke yake mara nyingi ni nati, ila kabla sijashika faili nikaweka kidole juu ya kile kichuma, kimyaa. Nikatoa kidole, krrr. Kumbe skrubu moja ya kupandishia haigusi hata sahani ya chini, inacheza tu hewani! Nikaikaza, kwisha habari.

Wenye brigi za aina ya Les Paul ninyi mnapandisha kwa yale magurudumu mawili, kwenu mimi naangalia zaidi mifereji inayokaa nyuzi pale kwenye brigi, mfereji ukiwa mpana bapa uzi haukai na unalia kama sitari ya Kihindi. Unatakiwa uteremke kuelekea nyuma, uzi uachie kwenye ukingo wa mbele.

Intonesheni, yaani noti kukaa sawa shingo nzima, ndo ya mwisho, ukiianza mapema utairudia. Noti ya freti ya 12 ikiwa juu kuliko hamoniki yake (sauti unayopata ukigusa uzi kidogo tu palepale bila kubana), rudisha kichuma nyuma, ikiwa chini sogeza mbele.

Dogo akasema bado anasikia bazi kidogo akipiga kwa nguvu. Nikachomeka ampli, piga sasa. Haisikiki. Akacheka, akauliza bei, hapo ndo akaacha kucheka.