Je, wajua ni kwa nini mchezo wa kizibo cha soda ulizaa kifaa cha maabara?

Jioni, watoto wakishatoka shule, ukipita mitaa ya Majengo au Pasua mjini Moshi huenda ukamkuta mmoja wao amekaa barazani akichezea kizibo cha soda. Amekiponda kwa jiwe hadi kikawa bapa, akakitoboa matundu mawili kwa msumari, akapitisha uzi na kuzifunga ncha zake pamoja. Anausokota uzi, anauvuta kwa mikono miwili, anaulegeza, anauvuta tena, na kizibo kinavuma kama nyuki. Wengi wetu tulikicheza kizibo hicho tukakiacha, bila kujiuliza kinawezaje kwenda kasi namna ile kwa nguvu ya vidole tu.

Siri yake imo katika msokoto. Mtoto anapovuta, msokoto wa uzi hufunguka na kukizungusha kizibo. Anapolegeza, kizibo hakisimami, kwa sababu kitu kilichokwisha kushika mwendo huendelea nao, hivyo hupitiliza na kuusokota uzi upya kwa upande wa pili. Hapo anavuta tena. Kila mvuto huongeza kasi, ilmradi mkono uwahi kwa wakati wake, maana ukichelewa kidogo tu mwendo hufa na uzi hulegea. Mtoto hajifunzi jambo hilo kwa kuambiwa. Mikono yake hulijua baada ya kukosea mara nyingi.

Mwaka 2013, Manu Prakash, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alitembelea Uganda akakuta mashine ya maabara ya kuzungushia damu imewekwa kuzuia mlango usijifunge, kwa kuwa umeme wa kuiendesha haukuwapo. Mashine hiyo huzungusha sampuli ya damu kwa kasi kubwa, chembe zilizo nzito zikasukumwa mbali na kitovu na majimaji yake, yaani plazima, yakabaki peke yake tayari kwa kupimwa. Prakash na mwenzake Saad Bhamla walianza kutafuta kitu kinachozunguka bila umeme, wakaanzia kwenye vitu vya kuchezea. Walijaribu yoyo, yaani kigurudumu cha kuchezea kinachopanda na kushuka kwenye uzi, kisha wakajaribu kifungo kilichotungwa kwenye uzi, ambacho ni ndugu wa kizibo chetu. Walikipiga picha kwa kamera ya kasi, wakaandika hesabu za msokoto wa uzi, na mwaka 2017 wakatangaza kifaa cha karatasi na uzi chenye uzito wa gramu 2 na gharama ya senti 20 za Marekani. Kinafika mizunguko 125,000 kwa dakika na hutenganisha plazima kwa dakika moja na nusu.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na methali hiyo hurushiwa sana mwanafunzi anayependa kuchora na papo hapo anapenda fizikia, au anayecheza bao hadi usiku huku akifungua redio mbovu kuona ndani kuna nini. Nakubali kwamba ni kweli ikiwa mambo mawili yanashikwa kila moja kivyake. Ila katika kisa hiki, mtu anayeijua mashine peke yake angetafuta mota ndogo au betri, na mtu anayeujua mchezo peke yake asingejua kwamba damu inahitaji kuzungushwa. Ilihitajika akili moja iliyobeba vyote viwili. Mchezo nao una faida ambayo zoezi la darasani halina: anayecheza habanwi na jibu wala hapewi alama, kwa hiyo hurudia jambo mara mia bila kuchoka, na katika kurudia huko huona kisichotarajiwa.

Mtanzania Erasto Mpemba alikiona kisichotarajiwa katika kutengeneza aiskrimu. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aligombania nafasi kwenye jokofu na wenzake, akaingiza maziwa yake yakiwa bado moto badala ya kusubiri yapoe. Baada ya saa moja na nusu yake yaliganda, ilhali ya mwenzake aliyeingiza maziwa yasiyochemshwa yalikuwa bado uji mzito. Mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Aliyemtia moyo ni rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga, ambaye alimwambia kwamba yeye huingiza mchanganyiko ukiwa moto makusudi ili ugande upesi. Baadaye, akiwa shule ya sekondari ya Mkwawa mjini Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam, kwa nini maji ya moto huganda kabla ya maji baridi. Wanafunzi walicheka, ila Osborne aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara ajaribu.

Sababu za maji ya moto kuganda kwanza zinabishaniwa hadi leo. Wapo wanaosema maji ya moto hupungua kwa mvuke, na wapo wanaosema chombo cha moto huyeyusha utando wa barafu ulio chini yake kikagusana moja kwa moja na bati baridi la jokofu. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya na hawakuona ushahidi wa kutosha, wakionyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kubadili matokeo. Swali lenyewe limebaki na jina la Mpemba duniani kote. Makala aliyoandika na Osborne ilitoka mwaka 1969 katika jarida la ufundishaji wa fizikia, na wakati huo Mpemba hakuwa akisomea fizikia: alikuwa Chuo cha Mweka, kwenye mteremko wa Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, akisomea usimamizi wa wanyamapori.