Sumukuvu kwenye karanga: maswali ninayoulizwa kliniki

Sumukuvu ni nini?
Ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye karanga, mahindi na mazao mengine yasiyokauka vizuri. Wataalamu huiita aflatoksini. Haionekani kwa macho.

Nikizikaanga mpaka ziive, si sumu inakufa?
Hapana. Kuvu ndio wanaokufa. Sumu waliyokwisha kuiacha haifi, maana si kitu chenye uhai. Moto wa jikoni unaweza kuipunguza kiasi, lakini inayobaki inatosha kukudhuru.

Na nikizichemsha?
Hapana. Kuchemsha, kukaanga, kusaga, kutia chumvi, yote hayo hayasafishi karanga iliyoota ukungu. Tena kusaga ndiko kubaya zaidi, kwa sababu punje chache mbovu huingia kwenye unga wote.

Mbona tumezila miaka yote na tuko hai?
Kwa sababu ukila kidogo kidogo, sumu hii huumiza ini taratibu, na mwisho wake unaweza kuwa saratani. Mwenye homa ya ini B yuko hatarini zaidi. Kiasi kikubwa hakisubiri miaka. Mwaka 2016, hasa Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu na 20 wakafariki. Mahindi hayo yalikuwa yamepikwa.

Zinaipata wapi sumu hiyo?
Nyingine shambani, hasa ukame ukizikuta zinakomaa. Lakini nyingi tunaziharibu wenyewe. Tunaanika juu ya udongo, mvua inazikuta hapohapo. Halafu kuna hili la kulowesha karanga ili maganda yawe laini wakati wa kubangua. Najua vidole vinauma, nami nimebangua tangu utotoni. Ila ukizimwagia maji umewaandalia kuvu makazi. Acheni jamani! Changieni mashine ya kubangulia, hata ya mkono. Anikeni juu ya turubai mpaka ukitikisa ganda usikie punje zinagonga ndani, kisha magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Nikishachambua, zile mbovu nizifanyie nini?
Fukia. Kila msimu naona jambo lilelile: karanga safi zinakwenda sokoni, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizovunjika zinabaki nyumbani kusagwa kwa uji wa mtoto. Mama, huyo ndiye mwenye mwili mdogo kuliko wote hapo nyumbani! Usiwape hata kuku. Ng'ombe akizila, sumu hupita kwenye maziwa, na mama anayenyonyesha ni vivyo hivyo.

Lakini uji wa mtoto huchemka muda mrefu.
Hata ukichemka kutwa. Moto hauondoi sumukuvu.

Ni lini niende hospitali?
Siku ileile unapoona macho yamekuwa ya manjano, au mtu anatapika huku tumbo linauma na kuvimba, au miguu inavimba. Wengi hunifikia baada ya wiki mbili za mitishamba, ini limekwisha kuchoka, na dawa ya kuiondoa sumu hii mwilini haipo. Njoo na kiasi kidogo cha chakula mlichokuwa mnakula. Waliobaki nyumbani waache kukila hata kama hawajaumwa, wala wasijaribu kukipika upya.