Bunge la Pennsylvania halikuidhinisha Katiba ya Marekani

Wengi huamini kwamba Katiba ya Marekani iliidhinishwa na mabunge ya majimbo. Sivyo. Kazi ya bunge ilikuwa kuitisha uchaguzi wa mkutano maalumu wa wajumbe, basi. Hata hilo dogo nusura liwashinde Pennsylvania.

Chini ya katiba yake ya 1776, jimbo hilo lilikuwa na bunge la baraza moja tu, bila gavana mwenye kura ya turufu. Breki ilikuwa akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiendelee: theluthi mbili ya wabunge wote. Kati ya wabunge 69, walihitajika 46. Wingi wa kura peke yake haukufaa kitu.

Septemba 28, 1787, mbunge George Clymer alitoa hoja ya kuitisha mkutano huo. Asubuhi hoja hiyo ilipita kwa kura 43 dhidi ya 19, ila tarehe ya uchaguzi ilikuwa bado haijapangwa. Mchana wapinzani hawakurudi. Waliobaki ni 44, na kikao kilikuwa ukingoni kufungwa. Kesho yake kundi la watu liliwakokota wawili kati ya wapinzani hao, James M'Calmont na Jacob Miley, kutoka kwenye nyumba walizopanga hadi ukumbini. M'Calmont akasema yuko tayari kulipa faini ya kutohudhuria, shilingi 5, aruhusiwe kuondoka. Akakataliwa. Akidi ikatimia, kwa nguvu za mtaani kuliko kwa kanuni.

Mkutano wa wajumbe ulianza Novemba 21, na Desemba 12 ukaidhinisha Katiba kwa kura 46 dhidi ya 23.